Usher: bawabu, mkaribishaji au mleta hati?

"Mimi ni katibu wa kamati ya jubilei ya miaka 50 ya usharika wetu hapa Mwanza. Tunachapa beji na programu, na tumekwama kwenye neno moja la Kiingereza: usher, yaani mtu wa kupokea wageni na kuwaonyesha viti. Mzee mmoja wa kanisa anataka 'bawabu' kwa sababu limo kwenye Zaburi. Vijana wanataka 'asha' au 'usha', na wenyewe hawakubaliani liandikweje. Mwalimu mmoja mstaafu anashikilia kwamba neno ni letu tangu asili, limetokana na 'ishara', Wazungu wamelichukua tu. Katikati ya ubishi huo shemeji yangu aliyeko Bukavu, Kongo, akanitumia picha ya karatasi aliyoletewa na mtu wanayemwita huissier. Mwanangu akaangalia kwenye simu, akasema huyo ni usher wa Kifaransa, yaani bawabu, hakuna cha kuogopa. Huyo huyo anasema Usher ni mwimbaji, nami nimeona pia kuna ugonjwa wa jina hilo. Neno hili lina maana ngapi, na sisi tuandike nini?"

Dada yangu, nianze na Bukavu, maana beji zinaweza kusubiri na karatasi ile haiwezi.

Mwanao hakukosea ukoo wa neno. Huissier na usher ni ndugu wa tumbo moja, nitafika huko. Tatizo ni kwamba ndugu hao walilelewa nyumba mbalimbali, na huyu wa Kifaransa akapewa kazi mbili zisizofanana. Yupo huissier anayekaa mlangoni pa ofisi ya waziri au bungeni, anayepokea wageni na kupitisha mafaili chumba hadi chumba. Huyo kwetu ni tarishi, au mhudumu wa ofisi. Na yupo huissier wa sheria. Huyu hupeleka wito wa mahakama, hati za madai na nakala za hukumu, na hukumu isipotekelezwa ndiye anayekuja kukamata mali. Kongo na Burundi waliurithi utaratibu huu kutoka kwa Wabelgiji pamoja na jina lake. Ufaransa kwenyewe cheo hicho kilibadilishwa jina Julai 2022, kilipounganishwa na kile cha wanadi wa mali za mahakama, ila Bukavu mtu akisema huissier kila mtu anajua nani kabisha hodi.

Hapa Tanzania kazi hizo zinafanywa na madalali wa mahakama na wasambaza nyaraka za mahakama. Hilo ndilo neno ambalo simu ya mwanao ilipaswa kumpa. Ukiambiwa shemeji kaletewa karatasi na bawabu, unaendelea kumenya ndizi. Ukiambiwa kaletewa na dalali wa mahakama, unaacha kisu.

Karatasi za namna hiyo kwa kawaida zina siku ndani yake: siku ya kufika, au idadi ya siku za kujibu, na hesabu huanza siku ilipopokelewa, si siku ilipoeleweka. Mimi ni mfasiri, si mwanasheria, na picha yenyewe sijaiona. Siwezi kukwambia anadaiwa nini wala kama anadaiwa. Ninachoweza kusema ni kwamba asiiweke kabatini. Aende leo kwa wakili, wao husema avoka, akiwa na karatasi yenyewe mkononi na si picha. Kama wakili hamudu, aende masijala ya mahakama iliyotajwa juu ya karatasi aulize mambo mawili: kesi ni ipi, na tarehe ni lini. Na kama hati itahitajika kutumika huku kwetu, tafsiri ya simu haitapokelewa. Tafuteni mfasiri anayekubalika mahakamani, mkae naye ana kwa ana.

Kabla sijatoka kwenye hilo, kitu kidogo kinachonifurahisha kila mara. Dalali na dalili zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuonyesha, kuelekeza. Kwa asili ya neno, dalali ni mwonyeshaji njia. Kwa hiyo huissier aliyeanza maisha kama mtu wa mlangoni na dalali aliyeanza kama mwelekezi wamekuja kukutana uzeeni, wote wawili wakiwa wamebeba karatasi za mahakama.

Sasa ubishi wa kamati. Nimwombe radhi mwalimu mstaafu kwanza. Ishara ni neno la Kiarabu, ukoo mmoja na shauri, ushauri na mshauri, na ni kweli kwamba mtu anayekuelekeza kiti hutoa ishara kwa mkono. Lakini kufanana kwa sauti si undugu. Tukifuata njia hiyo tutasema usher ametokana na usharika, kwa sababu anahudumu humo, au na ushuru, kwa sababu ndiye anayepitisha kikapu cha sadaka. Na hili la mwisho lingependeza zaidi, maana ushuru asili yake ni moja ya kumi, zaka kabisa! Lakini yote matatu ni bahati tu ya masikio.

Neno usher linatoka kwenye Kilatini cha Roma ya kale. Mlango waliuita ostium, na neno hilo nalo limetokana na os, kinywa. Mji wa Ostia, bandari ya Roma, ulipewa jina hilo kwa sababu ulikaa pale mto Tiber unapofungua kinywa baharini. Mtu wa mlangoni aliitwa ostiarius. Katika nyumba za matajiri alikuwa mtumwa, mara nyingine amefungwa mnyororo pale pale kizingitini kama mbwa, asiweze kuuacha mlango hata akitaka. Kutoka ostiarius Wafaransa wa zamani wakapata ussier, na walipotawala Uingereza baada ya mwaka 1066 neno likavuka nao bahari, likalainika mdomoni mwa Waingereza hadi likawa usher. Wafaransa waliobaki kwao wakaongeza herufi h mwanzoni mwa lao, si kwa ajili ya kutamkwa bali ili u isisomwe v, kwa kuwa herufi hizo mbili zilikuwa zikiandikwa namna moja. Ndiyo maana ndugu hawa leo hawafanani sura.

Na bawabu? Hapa ndipo ninapompa mzee wenu haki yake. Bawabu ni bawwab wa Kiarabu, mtu wa bab, na bab ni mlango. Ameundwa vile vile alivyoundwa ostiarius: chukua mlango, mtoe mtu ndani yake. Kwa maana ya asili kabisa hakuna tafsiri ya usher iliyo sahihi kuliko bawabu, na Zaburi ya 84, ambako mtu anatamani kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa hemani mwa waovu, inalipa neno heshima ambayo beji yoyote ingeitamani. Kanisa Katoliki nalo lilimhesabu ostiarius kuwa daraja, ile ya chini kabisa, kazi yake ikiwa ni kufungua na kufunga milango na kupiga kengele, mpaka Papa Paulo VI alipoifuta mwaka 1972.

Msidhani basi kwamba kazi ya mlangoni ni ya kudharaulika. Mtu anayeamua nani aingie kwa mkubwa huishia kuwa mkubwa mwenyewe. Katika Roma kulikuwa na mhudumu aliyekaa kwenye vyuma vya kizuizi mahakamani, vilivyoitwa cancelli, naye akaitwa cancellarius. Jina hilo limepanda ngazi mpaka leo ni Kansela wa Ujerumani. Katika himaya za Waislamu alikuwepo hajib, mzizi mmoja na hijabu, kwa maana yeye ndiye pazia kati ya mtawala na watu. Kule Cordoba, Hispania, hajib mmoja aliyejulikana kama al-Mansur alishika nchi nzima kuanzia mwaka 978 hadi alipofariki mwaka 1002, huku khalifa kijana Hisham wa Pili akibaki jina. Alianza mlangoni, kwa jina la cheo angalau.

Waingereza nao wanaye usher mmoja ambaye ukimwelewa huyo umelielewa neno zima. Ni yule wa Fimbo Nyeusi, mtumishi wa Bunge la Mabwana. Siku Mfalme anapofungua Bunge, usher huyu hutumwa kwenda kuwaita wabunge wa Bunge la Makabwela. Akikaribia, mlango unafungwa kwa kishindo usoni pake. Anagonga mara tatu kwa ile fimbo ya mpingo, ndipo anafunguliwa, na wabunge wanamfuata. Mlango anaofungiwa ni kumbukumbu ya Januari 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alipoingia na watu wenye silaha kuwakamata wabunge watano, akakuta wameshaondoka; tangu siku hiyo hakuna mfalme wala malkia aliyeingia ukumbini humo wabunge wakiwa kikaoni. Mwaka 2018 Sarah Clarke akawa mwanamke wa kwanza kuishika fimbo hiyo. Wengi mtamfananisha na mpambe wetu wa Bunge mwenye kubeba siwa, na mko karibu, ingawa anayefanana naye zaidi ni yule anayebeba siwa ya Makabwela kwenyewe.

Ninachotaka uone hapo ni hiki: usher anaweza kuwa upande wa mlango unaofungwa, na anaweza kuwa yule anayetembea mbele huku watu wakimfuata. Kwa mamia ya miaka neno la Kiingereza lilimaanisha kukaa mlangoni. Mwishoni mwa karne ya 16 likaanza kutumika kama kitenzi, kumtangulia mgeni na kumpeleka ndani, na kuanzia hapo usher akaanza kutembea. Akaingia kanisani, akaingia sinema na tochi yake gizani, akaingia harusini. Hata shuleni aliingia: Uingereza ya zamani mwalimu msaidizi aliitwa usher, maana ambayo leo imekufa. Mahakamani kwao bado yupo, amevaa joho jeusi, anaita majina ya mashahidi; kwetu kazi hiyo utamwona nayo karani.

Kiswahili hakikumfuata. Bawabu wetu alibaki mlangoni. Na sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba ndani ya nyumba hakukuwa na nafasi iliyo wazi. Mgeni wa Kiswahili hujitangaza mwenyewe kwa hodi, na karibu hutoka kinywani mwa mwenye nyumba, si kwa mtumishi. Katika nyumba za mawe za Lamu mgeni alisubiri kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, mwenyeji mwenyewe akatoka kumchukua. Kwa hiyo kazi ambayo Mwingereza ameiweka yote kwenye neno moja, sisi tumeigawa: anayelinda mlango ana jina lake, na anayekuchukua kwa mkono ndani ana jingine.

Ndiyo maana huwa siulizi "usher kwa Kiswahili ni nani?" Nauliza, mtu huyu anaufanyia nini mlango? Fikiria harusi yoyote ya ukumbini hapa mjini. Pale getini kuna kijana anayekagua kadi, hii singo, hii dabo, wewe kadi ya singo mbona mko watatu? Huyo ni bawabu halisi, awe amevaa tai au asivae. Hatua kumi mbele kuna dada anayekusoma jina, anakutangulia hadi meza ya upande wa bwana harusi, anakuvutia kiti. Ukimwita huyo bawabu umemrudisha nje. Na nina wasiwasi mwingine juu ya neno hilo kwenye beji: vijana wa leo wakisoma bawabu wanawaza mlinzi wa usiku au baunsa wa klabu. Mzee wenu anasikia Zaburi, mjukuu wake anasikia rungu.

Kuhusu asha na usha, mimi si adui wa maneno ya kuazima. Shule tuliipata kwa Wajerumani na hakuna anayelalamika. Wanakwaya wakiitana asha huko kwenye kundi lao la simu, waacheni. Lakini kwenye karatasi neno hili lina bahati mbaya. Ukiliandika kama linavyotamkwa, kila binti mwenye beji anaitwa Asha, na Asha mwenyewe wa kweli, kama yumo kwenye kamati, atapata taabu siku nzima. Ukiliandika kama linavyoonekana, unapata USHA, na mgeni kutoka Tanga atakaa anasubiri umalizie: ushafika? Ushakula? Na wingi wake ndio utachekesha zaidi: mausha, maasha, waasha. Neno ambalo bado halijajua wingi wake lisiende kwa mpiga chapa.

Lipo pia "mhudumu", ambalo makanisa mengi hulitumia. Si kosa. Ila mhudumu ni anayeleta soda, ni anayebadilisha shuka wodini, ni anayekatisha tiketi kwenye basi. Siku yenye watu wengi mgeni anataka kujua amwulize nani choo kiko wapi, na mhudumu anaweza kuwa yeyote kati ya watu hamsini.

Ningekuwa kwenye kamati yenu ningeandika MKARIBISHAJI kwa wote wanaopokea watu mlangoni na kuwapeleka vitini. Linaeleweka Mwanza, linaeleweka Mombasa, na limebeba lile karibu ambalo mgeni anataka kulisikia. Wale wa kwenye maegesho na njia za nje ningewaandikia MWELEKEZI. Na kama geti la barabarani litakuwa na watu wa kukagua kadi za chakula, hapo mpeni mzee bawabu wake, kwa haki kabisa, na kwenye programu wekeni mstari wa Zaburi chini ya jina. Kama wazee wa kanisa watataka neno moja kwa wote, basi mkaribishaji ndiye atakayebeba mzigo kwa shida ndogo zaidi. Hilo ni jambo la kukaa nao mezani, si la mtu aliye mbali kama mimi kuamua.

Umeniambia mnachapa pia programu, kwa hiyo kama mnaitafsiri, tahadhari na kitenzi. Waingereza wanasema tukio fulani lina-usher in zama mpya, na nimekuwa nikikutana na tafsiri "linaashiria zama mpya". Ni ishara ile ile ya mwalimu imerudi kwa mlango wa nyuma. Kuashiria ni kuonyesha kwa mbali kwamba kitu chaja. Neno la Kiingereza linasema kitu kimeletwa na kimeingia. Semeni jubilei inafungua ukurasa mpya, au inatuingiza katika miaka mingine 50. Mwaka mpya tunaukaribisha. Masika yanaletwa na upepo wa kusi. Usitafute kitenzi kimoja cha kuvaa kote.

Majina sasa, kwa haraka. Usher wa mwanao ni Mmarekani Usher Raymond, aliyezaliwa mwaka 1978, na lilikuwa jina la baba yake vile vile. Kwa Waingereza na Waskoti ni jina la ukoo lililotokana na kazi, kama mtu akiitwa Mhunzi: babu fulani alikaa mlangoni. Ukumbi mkubwa wa muziki wa Edinburgh unaitwa Usher Hall kwa sababu Andrew Usher, mtengeneza wiski, alitoa pauni 100,000 za kuujenga mwaka 1896. Milango ikafunguliwa mwaka 1914. Ugonjwa nao haukuhusu mlango hata kidogo. Umepewa jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Scotland, aliyeonyesha mwaka huo huo wa 1914 kwamba hurithiwa katika familia. Kwa kawaida mtoto huzaliwa na tatizo la kusikia, na baadaye, mara nyingi utotoni au ujanani, macho huanza kushindwa gizani na kisha kuona kwa pembeni kukapungua kidogo kidogo. Hukusema kwa nini uliutafuta. Kama ni udadisi tu, basi. Lakini kama yupo mtoto asiyesikia vizuri, na siku hizi jua likizama anajikwaa kwenye viti, usiendelee kusoma kwenye simu. Mpeleke kliniki ya macho, na umwambie daktari habari ya masikio pia, kwa sababu asipoambiwa yote mawili pamoja jibu linaweza kupita pembeni.

La mwisho ni la kuongeza kwenye orodha yenu ya kazi. Usher wa Kiingereza hutoa watu nje pia, na akifanya hivyo mara nyingi ni kwa adabu inayoficha kufukuza. Kiswahili kina neno lisiloficha kitu: kusindikiza. Katika majina yote mnayoyabishania sikuona mtu hata mmoja wa saa kumi jioni, wageni wanapoondoka na wale wazee walioanzisha usharika miaka 50 iliyopita wanatafuta fimbo zao chini ya viti. Teueni wanne, wenye miavuli kama ni msimu wa mvua, wawafikishe mpaka kwenye magari, na beji zao ziandikwe hivyo hivyo: MSINDIKIZAJI.